Ndama wa Ng'ombe Asiyeogeshwa

Asubuhi ya kuanua matanga ya marehemu Rwezaura, ng'ombe wake alikutwa bondeni ameloa, kuanzia ncha za pembe mpaka kwato, na mvua haikuwa imenyesha. Nani aliyemwogesha? Fumbo hilo nimelizungusha kichwani kwa muda mrefu na sijalifumbua. Nimewauliza waliokuwepo, mmoja mmoja na wote pamoja. Kila mmoja hunitazama machoni akasema si yeye, na kila mmoja namwamini.

Kwa hiyo msitegemee kwamba leo nitawapa jibu la hilo. Nalitaja kwa sababu nyuma yake liko swali jingine, na hilo mnaweza kuliamua nyinyi. Sogeeni, kaeni vizuri. Pale karibu na moto acheni nafasi ya mtu mmoja. Huko Nyabirundu ndivyo tunavyofanya tukimtaja marehemu kwa jina lake.

Nyabirundu ni kijiji cha vilimani, upande wa Karagwe, mahali ambapo ukungu hulala mabondeni mpaka jua lipande, na ng'ombe wa pembe ndefu wakipita humo unaona pembe tu zikielea juu ya weupe. Hapo waliishi watu watatu, kila mmoja na kipawa chake.

Wa kwanza ni Byarugaba, mtunza josho la kijiji. Watu walimwita Ta Byarugaba, kama mtu anavyomwita baba yake kwa heshima. Kipawa chake kilikuwa puani. Aliinama juu ya maji ya josho, akavuta pumzi moja, akasema, "Imepungua," au, "Imezidi, hii itababua ngozi," au, "Dawa imelala chini, korogeni." Hakukosea. Alikuwa na sauti kubwa, na hata salamu zake zilisikika kilima cha pili.

Wa pili ni Ma Nyamwiza, mfuga kuku. Kipawa chake kilikuwa ulimini. Aligonga ulimi kwenye kaakaa, taratibu, na kuku wakamfuata popote, wake na wa jirani, jambo lililomletea ugomvi zaidi ya mara moja.

Wa tatu ni Kaijage. Huyo alisomea kilimo chuoni akaacha kabla ya kumaliza, akarudi kulima migomba. Kipawa chake kilikuwa kutazama. Angeweza kuchuchumaa mbele ya jani moja tangu umande mpaka jua kali, bila kusema neno. Mkewe alizoea kuwaambia wageni, "Afadhali ningeolewa na kinyonga. Yeye angalau hubadilika rangi."

Sasa sikilizeni habari ya ng'ombe.

Rwezaura alifariki mwanzoni mwa mvua za masika, akazikwa mwisho wa shamba lake la migomba, pale linapoanza kuteremka bondeni. Alimwacha mjane, Ma Kokuhumbya, na boma la ng'ombe wachache. Katika ukoo wao, mwenye boma akifa, ng'ombe aliyempenda zaidi hubeba jina lake mpaka matanga yaanuliwe. Ng'ombe huyo hafungwi kamba, hazuiwi njia, wala mkono wa mtu haumsafishi. Hapelekwi josho. Sababu wanayoitoa ni kwamba marehemu alikwisha kuoshwa, na maiti huoshwa mara moja tu. Kumwosha tena ni kumwambia kuwa hukuridhika na safari yake.

Ng'ombe wa Rwezaura alikuwa Bihogo, jike la rangi ya udongo mwekundu, mwenye mimba.

Tangu siku ya mazishi, Bihogo alikuwa na mwenendo wake. Alfajiri alitoka bomani peke yake, akashika njia ya bondeni aliyozoea kupita na Rwezaura. Hakutembea katikati ya njia. Alitembea pembeni kabisa, mbavu zake zikigusa majani ya upande mmoja, akaacha upana wa mtu upande wa pili. Ndivyo alivyotembea Rwezaura alipokuwa hai, mkono wake ukiwa mgongoni kwa ng'ombe. Akifika kaburini alilala juu ya matandazo ya majani ya migomba. Jua likipanda aliteremka bondeni kula. Jioni alirudi, pembeni vilevile, na watu waliokutana naye walisogea wakapisha upande ule uliokuwa wazi. Hakuna aliyewaambia wafanye hivyo.

Na bonde lilikuwa limebadilika.

Mwaka ule, tangu vuli, mvua ilijaa katika josho ikaizimua dawa, na walioipima walipima kwa mazoea, maana Ta Byarugaba alikuwa mgonjwa kwao. Kwa miezi kadhaa ng'ombe waliogeshwa kwenye maji yasiyoua. Kupe walioonja dawa bila kufa waliongezeka. Alipopona na kurudi, Byarugaba aliinama juu ya josho, akavuta pumzi, akakaa chini kwenye ukingo. "Mmewaogesha kupe," alisema, "hamkuwaogesha ng'ombe."

Majani ya bondeni yalikuwa mekundu kwenye ncha. Kwa mbali ungedhani yamekomaa yamebeba mbegu. Ukikaribia ukapumua juu yake, zile mbegu zilinyoosha mikono. Kila ncha ya jani ilikuwa na kupe wadogo waliobebana, wameshikilia kwa miguu ya nyuma, na ya mbele wameitandaza hewani wakisubiri pumzi ya kitu chenye damu. Palikuwa hakuna upepo, na bado bonde lilitikisika. Mbwa waliacha kuteremka. Walifika mwisho wa migomba, wakakaa, wakatazama.

Ndigana kali, homa inayoletwa na kupe, ikaingia. Ndama walivimba matezi chini ya masikio, wakapata homa, wakakohoa povu, wakafa. Boma baada ya boma lilinyamaza. Ng'ombe wa Ma Kokuhumbya nao wakaisha, mpaka akabaki Bihogo peke yake. Bihogo aliugua ndigana utotoni akapona, kwa hiyo homa haikumwangusha. Lakini kupe walimganda masikioni, chini ya mkia na kwenye kiwele, wakubwa kama maharage, na kila siku alirudi ameishiwa damu kidogo zaidi. Ufizi wake ulikuwa mweupe.

Ndipo Bitegeko, mdogo wake marehemu, alipokuja kumwona shemeji yake. Alikaa mlangoni, hakuingia.

"Shemeji," alisema, "unajua utaratibu wetu."

"Naujua."

"Siku ya kuanua matanga, Bihogo asiposimama hapa na ndama wake, moto wa boma unazimwa. Nyumba ya kaka itakuwa imefungwa. Utarudi kwa kaka zako."

"Kaka zangu gani, Bitegeko? Aliyebaki ni mmoja, na mkewe ananihesabia vijiko."

"Sikuutunga mimi utaratibu huu."

"Sijasema umeutunga. Nakuuliza tu, wewe ungemwacha afe?"

Bitegeko alimtazama Bihogo, aliyekuwa amesimama uani, kichwa chini. "Mimi kumwosha siwezi," alisema. "Ni kaka yangu." Akaondoka analia, na msimdhanie vibaya. Alikuwa mtu aliyeogopa kumkosea maiti kuliko kumkosea aliye hai, na watu wa namna hiyo ni wengi.

Ma Kokuhumbya alikwenda josho. Alimkuta Ta Byarugaba akichota tope, na Nyamwiza na Kaijage walikuwa pale kwa shughuli zao. Akawaeleza.

"Mlete hapa," alisema Byarugaba. "Namtumbukiza mara moja tu, kupe wote chali."

"Haogeshwi."

"Basi kwa kitambaa. Kidogo, masikioni."

"Mkono wa mtu haumsafishi, Ta Byarugaba."

"Loo! Huyo marehemu alikuwa rafiki yangu, lakini hata akiwa hai hakuwa mkaidi hivi."

Nyamwiza akacheka, kisha akaacha. "Mkono wa mtu," alisema. "Na mdomo wa kuku je?"

Kaijage alikuwa amechuchumaa pembeni akitazama mchwa.

Hebu sasa niwaeleze alichofanya kila mmoja.

Byarugaba alilitapisha josho lote, akaosha kuta, akajaza maji mapya, akachanganya dawa ya aina nyingine ambayo kupe wale walikuwa hawajaionja. Aliinusa, akaongeza, akaikoroga, akainusa tena. Halafu alifanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya. Hakumgusa Bihogo. Aliwaogesha ng'ombe wake mwenyewe, wote aliobaki nao, na kabla hawajakauka vizuri akawateremsha bondeni alikokula Bihogo, mahali ambapo kila mwenye akili alikuwa anapakimbia. Aliwaswaga wakapita majanini kama mtu anavyopitisha ufagio sakafuni. Kupe waliwapanda kwa maelfu, wakauma, wakafa, wakadondoka. Aliwarudisha josho, akawateremsha tena. Wiki baada ya wiki. Watu waliokuwa juu ya kilima waliona pembe zinakwenda na kurudi ndani ya ukungu, na katikati yake sauti ya Byarugaba ikiwataja ng'ombe wake kwa majina, akiwaomba radhi. Fahali wake bora, aliyechoshwa na kiu, alikunywa maji ya josho akafa. Byarugaba mwenyewe mikono ilimtoka ngozi. Lakini ncha za majani zilianza kurudi kijani.

Nyamwiza naye alichukua matenga, akawatia kuku, akawabeba alfajiri mpaka kaburini. Kuku hawapendi ukungu. Wakitolewa tengani walijibanza miguuni pake. Alikaa juu ya gogo, mbali kidogo na Bihogo, akagonga ulimi taratibu, na kuku mmoja akaenda, akamzunguka ng'ombe aliyelala, akanyoosha shingo, akadonoa sikio. Bihogo hakutikisika. Akaja wa pili. Baadaye walimpanda mgongoni, wakatembea juu ya mbavu zake, wakashuka chini ya mkia, na palikuwa hakuna sauti nyingine ila midomo ikidonoa na kitu laini kikipasuka. Nyamwiza aliniambia kwamba kila asubuhi kuku wote walikaa upande mmoja wa Bihogo. Upande wa pili, ule ambao njiani aliuacha wazi, hawakuukanyaga mpaka jua limechomoza. Hakujua kwa nini, na hakuwalazimisha. Vicheche waliwala baadhi ya kuku. Wengine walifuata ng'ombe wa Byarugaba, wakaokota kupe wenye dawa, wakafa njiani miguu juu. Alianza na banda lililojaa. Alimaliza na kuku wachache na jogoo mzee ambaye hata vicheche hawakumtaka. Lakini ufizi wa Bihogo ulirudi kuwa mwekundu.

Na Kaijage? Kwa siku nyingi hakufanya lolote ambalo mtu angeliita kazi. Alitazama. Kupe jike akishashiba huachia, hudondoka, hutaga mayai ardhini, na mayai ya mmoja tu yanatosha kulijaza upya jani baada ya jani. Ng'ombe wa Byarugaba hawakuyafikia hayo mayai, wala kuku hawakuyaona. Kaijage aliyatafuta kwa kutambaa. Na mahali pekee bondeni kote alipokuta kupe waliokufa bila dawa na bila mdomo wa kuku palikuwa juu ya kaburi la Rwezaura. Chini ya matandazo, mahali Bihogo alipolala kila alfajiri, kupe walikuwa wamevaa sufi nyeupe. Kuvu ilikuwa imewaota mwilini, ikawakamata mmoja baada ya mwingine, na sufi nyingine ilikuwa imeanza kugeuka kijani kama jani changa.

Alikwenda kwa Ma Kokuhumbya kumwomba ruhusa ya kuchukua udongo wa kaburi.

"Kiasi gani?" aliuliza mjane.

"Kiganja."

"Utamrudishia?"

"Nitamrudishia zaidi ya nilichochukua."

Alikubali. Kaijage alipika mchele wa nyumbani kwake, akaupoza, akaupandikizia ile kuvu ndani ya mitungi iliyofunikwa, akaiweka chini ya kitanda. Wali ukaota manyoya. Mkewe alipofunua mtungi kutafuta chakula, alipiga kelele zilizomtoa Byarugaba josho.

"Unawapikia kupe wali!" alisema mkewe. "Sisi tunakula ndizi kila siku, kupe wanakula wali!"

"Hawaji kuula," alisema Kaijage. "Wali ndio unaokwenda kuwala wao."

Mkewe alifunga khanga akaenda kwa wazazi wake, na maneno yakaenea kwamba Kaijage anafuga kitu alichokitoa kaburini. Watoto walikatazwa kupita mlangoni kwake. Yeye kila jioni, jua likishapungua makali, alitembea bondeni akinyunyiza wali ule uliosagwa na kulowekwa, katika majani yenye unyevu, mahali mayai yalipotagwa. Mvua zilipokaribia kuisha, aliyeinama kutazama aliona sufi nyeupe chini ya kila shina, na hakuna mbegu iliyonyoosha mkono ukiipumulia. Udongo wa kaburi aliurudisha, akaufukia kwa mikono.

Bihogo alizaa humo bondeni, katika majani yaleyale. Ndama jike, mwekundu kama mama yake. Alilala majanini siku zake za kwanza, na hakushikwa na homa.

Kwa hiyo tazameni. Bila ng'ombe wa Byarugaba, kupe wangekuwa wengi kuliko kuku wote wa Karagwe. Bila kuku wa Nyamwiza, Bihogo angeishiwa damu kabla bonde halijafagiliwa. Bila kuvu ya Kaijage, mayai yangeanguliwa, na ndama angelala juu ya kitanda cha mauti siku ileile aliyozaliwa.

Na utaratibu wa ukoo ulisema hivi: ndama wa ng'ombe wa matanga habaki bomani. Hupewa mtu aliyeuzuia moto wa boma usizimike. Mtu mmoja. Hupewa kwa kumpa yule ndama jina, na ndama hawezi kuwa na majina mawili. Hauzwi, hagawanywi, na uzao wake wote unamfuata mwenye jina. Kwa Byarugaba aliyefiwa na fahali, kwa Nyamwiza aliyebaki na jogoo mzee, kwa Kaijage aliyekimbiwa na mke na kuitwa mchawi, ndama yule alikuwa maisha mapya.

Walikutana kwa mjane siku moja kabla ya kuanua matanga. Bitegeko alikuwepo.

"Mimi sitasema mengi," alianza Byarugaba, na kila mtu akajua atasema mengi. "Nani aliingia bondeni wakati mbwa wamegoma? Nani aliwatoa ng'ombe wake kuwa ufagio? Mikono yangu hii hapa, itazameni."

"Pole kwa mikono," alisema Nyamwiza. "Nani ataniambia pole kwa kuku? Nusu yao wameuawa na dawa yako."

"Kuku wako walikuwa walafi."

"Walafi? Walikuwa kazini, Ta Byarugaba! Na mimi ndiye pekee niliyemgusa Bihogo bila kumgusa. Nyinyi mlishughulika na majani. Aliyekuwa anakufa ni ng'ombe, siyo jani."

"Na ndama?" alisema Kaijage.

Walimtazama, maana ilikuwa mara ya kwanza anasema mbele yao bila kuulizwa.

"Bihogo alipona kwa sababu yenu," aliendelea. "Sikatai. Lakini moto ulihitaji ng'ombe na ndama. Dawa ingeisha nguvu mvua ya kwanza. Kuku wangelala. Ile kuvu mpaka sasa hivi tunapozungumza inafanya kazi."

"Kuvu siyo yako," alisema Nyamwiza. "Uliikuta."

"Na wewe kuku uliwataga?"

Hata Bitegeko alicheka. Kisha akasema jambo lililowaondolea watu kicheko.

"Mnasahau. Kuvu ilitoka kaburini kwa kaka. Iliota pale kwa sababu Bihogo alilala pale, na kupe wake wakadondoka pale, kwenye kivuli na unyevu. Tungemwogesha Bihogo kama mlivyotaka, wale kupe wangekufa josho na kuvu isingepata cha kula. Kilichotaka kumwua ndicho kilichomponya. Kwa hiyo huenda ndama si wa yeyote kati yenu."

Ma Kokuhumbya alikuwa amekaa karibu na moto, akiongeza vijiti. Walimgeukia.

"Amua wewe, Ma," alisema Byarugaba. "Nyumba ni yako."

"Niamue vipi?" alisema mjane. "Nikimpa mmoja, wawili watapita mlangoni kwangu wakiangalia upande mwingine mpaka nife. Na wote watatu wananidai shukrani."

Wakashindana mpaka sauti zikakauka. Mwishoni walikubaliana jambo moja. Kesho alfajiri Bihogo angeruhusiwa kuogeshwa kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Kumwogesha ndiko kulikofunga matanga. Wote watatu wangeteremka pamoja hadi kaburini, kila mmoja na kata ya maji ya dawa aliyoichanganya Byarugaba. Wangesimama mbali. Yule ambaye Bihogo angemwendea, huyo angemwogesha, na ndama angekuwa wake. Bitegeko angeshuhudia. Mjane angebaki kuulinda moto.

Walikwenda. Ukungu ulikuwa mzito, wakatembea wameshikana mabega ili wasipoteane, na Bitegeko nyuma yao. Hawakupanga, lakini walijikuta wote wanne wakitembea upande mmoja wa njia.

Walizifikia pembe kwanza. Zilikuwa zinadondosha maji.

Bihogo alisimama kando ya kaburi, ameloa. Ngozi yake ilikuwa safi, nyekundu kama chungu kilichotoka tanuruni. Maji yalitiririka shingoni, yakapita mbavuni, yakadondoka kwenye matandazo. Byarugaba alivuta pumzi.

"Ni dawa?" alinong'ona Bitegeko.

"Ndiyo," alisema Byarugaba. "Imepimwa vizuri." Akanusa tena. "Vizuri kuliko yangu."

Nyamwiza aligonga ulimi, ili asikie tu sauti anayoijua. Bihogo hakugeuka. Kaijage alichuchumaa, akatazama umande majanini kuanzia kaburini mpaka njiani. Nyayo walizoziacha wao zilionekana. Nyingine hazikuwepo. Alitazama kwa muda mrefu, mpaka ukungu ulipoanza kupasuka, na alipoinuka aliomba washikane tena mabega kurudi, ingawa sasa njia ilikuwa inaonekana.

Kata zao tatu za maji zilikuwa zimejaa. Hakuna aliyemwaga hata tone.

Bihogo na ndama wake waliwafuata mpaka bomani. Ndama alikuwa mkavu. Ma Kokuhumbya alikuwa ameketi palepale walipomwacha, moto unawaka. Walipomweleza, hakushangaa sana, au alishangaa kwa namna ambayo haionekani usoni. Aliuliza swali moja tu: "Alikuwa ametulia?" Wakasema alikuwa ametulia. Wapo wanaosema kwamba asubuhi ile khanga yake ilikuwa imeanikwa uani, mbichi. Wapo wanaosema khanga gani isiyokuwa mbichi kwenye ukungu ule. Kutoka bomani mpaka josho na kutoka josho mpaka kaburini si mwendo wa kwenda na kurudi bila kuonekana, na dawa Byarugaba alikuwa ameifungia. Mimi nasimulia nilichoambiwa.

Uamuzi waliofikia ni huu. Matanga yalihesabiwa yameanuliwa, maana ng'ombe ameogeshwa, awe ameogeshwa na yeyote. Moto wa boma hautazimwa, na mjane hataondoka. Ama ndama, ni wa aliyemwogesha Bihogo, kama ilivyokuwa imekubaliwa, na hatapewa jina mpaka mtu huyo ajitaje. Bitegeko aliyatamka hayo mbele ya ukoo. Wale watatu waliitikia, mmoja kwa sauti kubwa, mmoja kwa sauti ndogo, mmoja kwa kutikisa kichwa.

Aliyeutekeleza uamuzi huo, kwa kumtunza ndama bomani kwake, ni Ma Kokuhumbya. Mpaka leo hajajitaja mtu, na sisi bado tunamwita ndama, ingawa pembe zake zimepita kimo cha mlango. Byarugaba humwogesha bila kudai kitu, kuku wa Nyamwiza hulala chini ya kivuli chake, na Kaijage, ambaye mkewe alirudi, hukagua majani anayoyala. Kila alfajiri mjane hufungua lango la boma, na yule ndama, aliyezaliwa Rwezaura akiwa tayari ardhini, hutoka peke yake kushika njia ya bondeni. Hatembei katikati. Hutembea pembeni kabisa, mbavu zikigusa majani, akaacha upana wa mtu.

Mwenye ufagio, mwenye midomo, mwenye kuvu. Na ile nafasi mliyoiacha wazi hapo karibu na moto. Kama ungekuwa wewe ndiye unayefungua lango, ndama ungempa nani?